Mpe Jembe Mapema: Mwongozo wa Kumtimua Mgeni Aitwaye Kiduha

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yuko mgeni mmoja aliyekaa katika mashamba yetu vizazi na vizazi. Anakula kabla ya wenye nyumba, na akipewa jembe analipokea akiwa ameshashiba na kuacha watoto. Anaitwa kiduha. Magharibi mwa Kenya wengi humwita kayongo, na wataalamu wa mimea humwandika Striga. Hana haja na mwembe wala mgomba wako. Anataka mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga wa nchi kavu na muwa, yaani anataka ugali wako, uji wako, wali wako na sukari ya chai yako.

Mwongozo huu ni wa kumtoa. Una utani ndani yake, kwa kuwa adui akitaniwa hupungua kimo, lakini hakuna hatua hata moja iliyoandikwa kwa mzaha. Shamba lililovamiwa sana linaweza kupoteza mavuno yote, na anayeikuta hasara hiyo ghalani mara nyingi ni mama aliyelilima na kulipalilia kwa mkono wake. Kwa ajili yake, tumshughulikie mgeni huyu kwa adabu zote anazostahili, ambazo ni chache.

Hatua ya kwanza: mjue kwa sura

Kiduha ni kizuri, na uzuri wake umewaponza wengi. Katika Afrika Mashariki wapo wawili wa kuwatazama kwa makini. Wa kwanza ni Striga hermonthica, mwenye maua ya waridi au zambarau, anayefika magotini na pengine kiunoni. Huyu ametamalaki Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, Nyanza na Magharibi nchini Kenya, na mashariki na kaskazini mwa Uganda. Wa pili ni Striga asiatica, mfupi, wa shubiri moja hivi, mwenye maua madogo mekundu sana. Huyu utamkuta pwani, Morogoro, na kusini mwa Tanzania hadi Kyela, ambako anaupenda mno mpunga wa nchi kavu. Wote wawili wana majani membamba yanayokwaruza ukiyapapasa, shina la pembe nne, na tabia ya kugeuka weusi wakikauka.

Lakini anayengoja maua ndipo amtambue kiduha amechelewa. Tazama mahindi yenyewe. Yakinyauka mchana ilhali udongo una unyevu, yakidumaa bila sababu, majani yakipata madoa ya manjano na kingo zake zikiungua, nawe huoni funza wala ukungu, shuku kilicho chini. Chimba polepole kuzunguka shina moja, inua mizizi pamoja na donge lake la udongo, uioshe katika ndoo ya maji. Ukiona vichipukizi vyeupe vimejishikiza kwenye mizizi ya mhindi, umemfumania mgeni akiwa mezani.

Hatua ya pili: mjue kwa tabia

Hapa ndipo tunaposhinda au kupoteza vita, kwa hiyo tusiharakishe.

Mbegu ya kiduha ni ndogo ajabu, kama robo ya milimita. Ukiimwaga kiganjani utadhani ni vumbi la kahawia. Mche mmoja huzaa mbegu 50,000 na zaidi, na mbegu hizo zinaweza kukaa udongoni zikiwa hai zaidi ya miaka 10. Piga hesabu ndogo: kati ya mbegu 50,000, kama ni moja tu katika kila 1,000 itakayofanikiwa, mche uliouacha mwaka huu kwa sababu ulichoka umekuletea miche 50.

Kwa kuwa ni ndogo hivyo, mbegu hii haina akiba ya chakula ya kuilea. Ikiota mahali pasipo na mwenyeji, inakufa katika siku chache. Ndiyo maana haioti hovyo. Inataka kwanza joto na unyevu kwa wiki moja au mbili, kisha inangoja ishara. Ishara hiyo inatoka kwenye mizizi ya mahindi au mtama wenyewe: kemikali ziitwazo strigolaktoni, zinazovuja udongoni kwa kiasi kidogo sana. Mbegu ikizipata, inajua chakula kiko milimita chache tu kutoka ilipo, na hapo ndipo inapoota.

Kimzizi chake kikifika, kinatoboa mzizi wa mwenyeji na kujiunga na mishipa yake ya maji. Kuanzia hapo kiduha kinanyonya maji, madini na sukari, na kinavuruga namna mhindi unavyojitengenezea chakula majanini. Kwa wiki nne, sita au zaidi kinaishi gizani, bila jani hata moja juu ya ardhi. Siku unayokiona kikichomoza, sehemu kubwa ya hasara imeshatokea. Mkulima anayelima juu juu na kuridhika kwamba shamba ni safi amemfagilia mgeni uani wakati mwenyewe yuko jikoni.

Kutokana na tabia hiyo tunapata kanuni moja inayobeba mwongozo huu wote: adui wetu ni mbegu iliyomo udongoni. Kila jambo unalolifanya lipime kwa swali moja tu, je, mwisho wa msimu mbegu za kiduha zimepungua udongoni au zimeongezeka?

Hatua ya tatu: usitafute mchawi

Mahindi yanaponyauka bila mdudu wala ukame, maneno huanza. Huyu anamtazama jirani kwa jicho la pembeni, yule anasema mwenye shamba ni mvivu. Maneno hayo yanaumiza, na yanapoteza muda wa kupanda.

Sababu iko kwenye udongo. Mimea haikutengeneza strigolaktoni ili imwite kiduha. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hizo ni mwito wa mimea kwa kuvu wema wa udongoni, wale wanaoishi na mizizi na kuisaidia kupata fosforasi. Mmea ukikosa fosforasi unaita kwa nguvu zaidi. Mwito ni wa rafiki, lakini kiduha nacho kimejifunza kuusikia. Basi shamba lililolimwa mahindi juu ya mahindi kila mwaka, bila samadi, bila mbolea na bila kupumzishwa, linamwita mgeni huyu kuliko shamba lolote. Familia zenye ardhi ndogo ndizo zisizoweza kuipumzisha, kwa hiyo ndizo zinazoumia zaidi. Huo ni umaskini wa udongo, na udongo hutibika.

Tiba yake unaijua: samadi iliyoiva vizuri, mboji, mabaki ya mazao yarudishwe shambani badala ya kuchomwa, mikunde ipandwe, na mbolea ya viwandani iwekwe hata kidogo kidogo kwenye kila shimo pale uwezo unaporuhusu. Na kwa fosforasi, Tanzania inachimba madini ya fosfeti Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Ipo pia marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao wakulima wa Ruvuma wanaujua vizuri tangu ulipoenezwa na watawa wa Peramiho. Unapandwa, unafukiwa, na udongo unarudisha nguvu. Usitegemee kwamba udongo mzuri utamaliza kiduha katika msimu mmoja. Utakidhoofisha, na mahindi yako yatapata nguvu ya kukivumilia.

Hatua ya nne: funga mlango

Mgeni huyu hana miguu, lakini ana watu wengi wa kumbeba. Anasafiri katika tope la jembe lililoazimwa, kwato za ng'ombe, maji ya mvua na upepo. Zaidi ya yote, anasafiri ndani ya mbegu za mtama, mahindi na uwele zilizovunwa kwenye shamba lenye kiduha na kuuzwa sokoni.

Kwa hiyo chagua mbegu za kupanda kutoka shamba safi. Unapovuna mtama au uwele, usilaze masuke chini penye viduha vilivyokauka; yaweke juu ya turubai au mkeka. Osha jembe ukitoka shamba lenye gugu hili kabla ya kuingia lisilo nalo, na ukiwa na mashamba mawili, anza kazi kwenye lililo safi. Usiwape ng'ombe viduha vyenye mbegu, kwa sababu mbegu hupita tumboni salama na kurudi shambani na samadi mbichi, nawe utakuwa umempandisha mgeni mkokoteni kwa gharama yako.

Hatua ya tano: mpe jembe kwa wakati wake

Kung'oa kwa mkono kunachosha mgongo na kunadharauliwa, lakini hakuna shamba lililosafishwa bila kazi hiyo. Tatizo ni kwamba wengi huifanya mapema mno, kiduha kikakatika na kuchipua tena, au huchelewa, mbegu zikawa zimeshamwagika.

Wakati wake ni pale maua ya kwanza yanapoanza kufunguka, kabla hayajafunga mbegu. Ng'oa, kisha rudi baada ya wiki mbili, kisha rudi tena, maana havichomozi vyote siku moja. Vilivyokwisha kuchanua usivitupe kwenye kingo za shamba wala kwenye mboji. Vikusanye kwenye gunia, vikauke, uvichome mahali pamoja.

Kisha kuna kosa linalotendwa karibu kila kijiji. Mahindi yakishavunwa, watu hulipa shamba kisogo. Lakini mabua bado yana mizizi hai, na kiduha kinaendelea kula, kuchanua na kumwaga mbegu kwa raha zake, shamba zima likiwa lake. Pita tena baada ya mavuno. Ng'oa viduha, na ukiweza ng'oa na mabua. Matembezi hayo ya asubuhi moja, ambayo hayakuongezei hata debe moja mwaka huu, ndiyo yatakayokuongezea magunia miaka ijayo. Watoto waonyeshwe maua hayo wayajue, na baba asiiachie kazi hii mama na binti peke yao.

Hatua ya sita: mwite, kisha umnyime chakula

Sasa tunafika kwenye hila tamu. Kama mbegu ya kiduha huota kwa kusikia ishara, na ikiota bila mwenyeji hufa, basi ipe ishara bila kuipa chakula.

Mwaka 1966 wanasayansi walitoa strigolaktoni ya kwanza kutoka kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi kulila kabisa. Pamba inakiita mezani, kinaamka, kinakuta sahani tupu. Soya, kunde, karanga, ufuta na alizeti navyo vinaweza kuziamsha mbegu za viduha hivi vya nafaka na kuziacha zife. Mkulima wa Usukuma anayebadilisha pamba na mahindi, au wa kusini anayebadilisha ufuta na mtama, ana silaha mkononi. Aitumie kwa makusudi: msimu wa nafaka, kisha msimu wa zao la kuamsha, na pale penye viduha vingi mno, misimu miwili mfululizo bila nafaka. Aina za mazao hayo hutofautiana kwa nguvu, kwa hiyo muulize bwana shamba au bibi shamba ni ipi iliyojaribiwa katika wilaya yenu.

Wamarekani waliitumia hila hiyohiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1956 Striga asiatica iligunduliwa katika mashamba ya mahindi ya Carolina Kaskazini na Kusini. Serikali iliweka karantini, ikakagua mashamba na mitambo, ikazuia udongo na mazao kusafirishwa ovyo. Wataalamu walidunga udongoni gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi, kwa kuwa nayo huamsha mbegu za kiduha. Mbegu ziliamka, hazikukuta kitu, zikafa. Eneo lililovamiwa lilizidi ekari 400,000, na zaidi ya asilimia 99 ya eneo hilo imesafishwa, kwa kazi ya zaidi ya nusu karne. Sisi hatuna mitambo ya kudunga gesi kijijini, lakini tuna kunde na karanga, ambazo baada ya kufanya kazi hiyo tunazila.

Hatua ya saba: mlete jirani asiyempenda

Katika miaka ya 1990, kwenye kituo cha Mbita ukingoni mwa Ziwa Viktoria nchini Kenya, watafiti wa ICIPE, taasisi iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, walikuwa wakihangaika na funza wa mabua. Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze vipepeo wa funza hao, na kuzunguka shamba wakapanda mabingobingo yawavute vipepeo nje. Funza walipungua. Pamoja na hayo, waligundua jambo ambalo hawakulitafuta: penye desmodiamu, kiduha kilitoweka.

Desmodiamu ni jamii ya kunde inayotambaa na kufunika ardhi. Mizizi yake hutoa kemikali za aina mbili: moja inaiamsha mbegu ya kiduha, nyingine inakizuia kimzizi chake kukua na kujishikiza. Tena ni mmea wa kudumu. Kiangazi, wakati mahindi hayapo, wenyewe bado uko kazini ukipunguza mbegu udongoni. Unaongeza naitrojeni, unatunza unyevu, na majani yake ni malisho bora ya ng'ombe na mbuzi. Mfumo huu unajulikana kama vuta-sukuma, na kwa mtu mwenye ng'ombe wawili na nusu ekari ya mahindi sijaona rafiki mkubwa kuliko huu.

Namna yake ni hii. Tayarisha udongo laini, kwa maana mbegu za desmodiamu ni ndogo. Zichanganye na mchanga mkavu, zitie katika mifereji ya kina kifupi kati ya mistari ya mahindi mwanzoni mwa mvua. Palilia kwa mkono majuma ya mwanzo, kwa sababu inaanza polepole na ni rahisi kuing'oa ukidhani ni gugu. Ikishashika, usiilime; msimu unaofuata fungua tu mistari ya kupandia mahindi. Mbegu zake zina bei na hazipatikani kila duka, lakini mwenye shamba lililokwisha kushika anaweza kukugawia vipande vya mashina yake vyenye vifundo, navyo huota udongo ukiwa na unyevu. Ukipata, nawe ugawe.

Hatua ya nane: panda mwenyeji mwenye msimamo

Si kila mtama unamkaribisha mgeni kwa moyo uleule. Gebisa Ejeta, mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia, alichagua mitama ambayo mizizi yake haitoi mwito wa kutosha kukiamsha kiduha, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Nchini Tanzania, mitama ya Hakika na Wahi, iliyotokana na mbegu zilizoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Purdue alikofanyia kazi, iliidhinishwa mwaka 2002. Kwa wapandaji wa mpunga wa nchi kavu, baadhi ya aina za NERICA nazo zinakivumilia kiduha vizuri kuliko nyingine.

Kwa mahindi, Kenya ilipata mbegu zinazostahimili dawa ya imazapiri, nazo hupakwa dawa hiyo kabla ya kuuzwa. Dawa inakiua kiduha kikijishikiza tu, kabla hakijadhuru. Ukizipanda, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mbegu za maharage au mboga, kwa sababu dawa hiyo huziua. Magharibi mwa Kenya, pia, wakulima wamejaribu kutumia kuvu wa aina ya fusariamu anayekiua kiduha bila kuyadhuru mahindi. Kuvu huyo hufika kijijini kwenye vijiti vya meno, hukuzwa katika wali uliopikwa, kisha wali huo hutiwa shimoni pamoja na punje ya mahindi.

Hakuna njia kati ya hizi inayotosha peke yake. Mtama mgumu kwenye udongo maskini utachoka. Desmodiamu bila kung'oa viduha vya mwanzo itachelewa kuleta faida. Chagua mbili au tatu unazozimudu, uzifunge pamoja na kung'oa, na uvumilie misimu kadhaa. Mbegu zilizolala miaka 10 haziondoki kwa mvua moja.

Hatua ya mwisho: mfukuzeni pamoja

Ukisafisha shamba lako na la jirani likabaki zambarau, upepo na mkondo wa maji utakurudishia kila ulichokitoa. Kwa hiyo suala la kiduha lifikishwe kwenye mkutano wa kijiji, na si kwa minong'ono. Wekeni siku ya kung'oa kabla maua hayajafunga mbegu, na siku nyingine baada ya mavuno. Wazee na wajane wasio na nguvu kazi wasaidiwe mashamba yao, maana mbegu zake hazijui mpaka. Ombeni halmashauri au kaunti ilete mbegu za desmodiamu na mitama iliyoidhinishwa karibu na wakulima, na bwana shamba afike wakati wa kupanda badala ya kuja wakati wa kuhesabu hasara.

Kijiji kitakachoamua kwamba mwaka huu hakuna kiduha kitakachoachwa kizae, na kikarudia uamuzi huo mwaka unaofuata na ule mwingine, kitaiona akiba ya mbegu udongoni ikipungua msimu kwa msimu. Anza na shamba lako, anza msimu huu, na umwambie jirani ulichokifanya.